Jinsi nilivyoondoa ile milisekunde 40 kwenye Linux

Kuna seva ya Linux kila rikwesti ilikuwa inakwama kama milisekunde 40 hivi, na CPU wala haina kazi. Nikawasha tcpdump (chombo cha kunasa pakiti za mtandao), kumbe programu inatuma heda (maelezo ya mwanzo ya ujumbe) kwanza, data yenyewe inafuata kivyake, sasa upande wa pili unashikilia ACK (ujumbe wa kuthibitisha data imefika) ukitegemea itapanda na jibu, na huku Nagle (utaratibu wa TCP, itifaki ya kusafirisha data, wa kupunguza vipakiti vidogo) nayo haiachii kipande kidogo mpaka ACK ya kwanza irudi, yaani kila mmoja anamngoja mwenzake mpaka taima ya keneli (kiini cha Linux) iishe. TCP_QUICKACK (mpangilio wa kutuma ACK papo hapo) nilijaribu, inasumbua, haidumu, inabidi uiwashe tena na tena. Kilichotibu ni kuunganisha heda na data zitoke pamoja, nikaongeza na TCP_NODELAY (inayozima Nagle), lagi kwisha.