Mbona nikiziba masikio bado najisikia nikiongea?

Swali la mwanangu hilo, na ni zuri aisee. Sauti ni hewa inayotikisika, inaingia tundu la sikio inagonga ngoma, kale kangozi kembamba huko ndani, ngoma nayo inasukuma vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu! Kinasukuma maji yaliyo kwenye kitu kilichojikunja kama konokono, humo kuna vinyweleo vidogo mno, vikiyumba vinapeleka taarifa kwa ubongo. Sasa ukiongea, mifupa ya kichwa inatikisika pia, sauti inafika kwenye hayo maji bila kupita tundu la sikio. Ndo maana ukijisikia kwenye voisi ya WhatsApp unashtuka, eti huyu mimi? Hapo sauti inakufikia kwa hewa tu, ile besi, yaani sauti nzito inayopitia mifupa, haipo.