Brian May peke yake

Wiki hii nzima nimekuwa na albamu moja tu masikioni: Back to the Light, albamu kamili ya kwanza ambayo Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliitoa kwa jina lake mwenyewe, Septemba 1992. Mwaka 1983 alishatoa rekodi fupi ya nyimbo tatu aliyoipiga na marafiki, Eddie Van Halen akiwemo, lakini ile ilikuwa starehe ya siku mbili studioni. Hii ya 1992 alianza kuihangaikia tangu 1988, na ukiisikiliza vizuri unaelewa kwa nini ilichukua muda wote huo.

Hapa Unguja Queen tunaijua kwa mtu mmoja. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa mwaka 1946, dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, na leo wageni wanajipanga kupiga picha kwenye makumbusho yake Shangani. Nafurahi kila ninapopita pale. Ni mtoto wa hapa, na sauti kama ile hatutaipata tena. Ila mimi tangu mdogo jicho langu lilimfuata yule mrefu mwenye nywele za kujisokota aliyesimama pembeni na gitaa jekundu, na sababu yake ni marehemu baba, aliyekuwa seremala.

Gitaa lile halikununuliwa dukani. Brian alilitengeneza na baba yake, Harold, fundi wa umeme na elektroniki, nyumbani kwao kitongojini London, miaka ya mwanzo ya sitini, Brian akiwa bado mwanafunzi. Pesa za gitaa la kiwandani hawakuwa nazo. Shingo waliichonga kwenye mbao ya mkangazi iliyotoka kwenye meko kuukuu ya kuotea moto. Mbao ilikuwa na matundu ya bungua, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Kiwiliwili kina vipande vya mwaloni wa meza ya zamani. Spring zinazorudisha nyuzi mahali pake baada ya kuvutwa ni za vali za pikipiki ya zamani, na alama zile nyeupe kwenye shingo ni vifungo vya gamba la chaza alivyovitoa kwenye kopo la vifungo la mama yake. Nilipomsomea baba habari hizi aliacha kazi akasikiliza. Akaniuliza ile mbao ya meko ilikuwa na umri gani. Nikamwambia imeshapita miaka mia. Akasema basi hiyo imekauka vizuri, haitapinda tena. Na kweli, gitaa lile bado linapigwa hadi leo.

Harold May alifariki mwaka 1988. Ndiyo miaka ile ile ndoa ya Brian ilipokuwa inavunjika, na wenzake Freddie wa Queen walikuwa wanajua kwamba anaumwa, wakawa wanaifunika siri hiyo kwa ajili yake. Brian ameeleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba alizama kwenye huzuni nzito mpaka akakaribia kukata tamaa ya maisha. Albamu inaanzia humo. Wimbo wa kwanza, The Dark, ni mfupi sana, karibu kama mtu anayembembeleza mtoto huku mwenyewe anaogopa, halafu bila kupumua unaingia Back to the Light na magitaa yanafunguka.

Ninachotaka kukisema hasa ni kuhusu sauti. Ndani ya Queen Brian alikuwa akiimba wimbo mmoja mmoja kwenye albamu, nyimbo za upole kama '39. Mizigo mikubwa aliibeba Freddie, hata ile ambayo Brian ndiye aliyeitunga. Hebu fikiria: miaka karibu ishirini unaandika maumivu yako, kisha unampa mwenzako mwenye koo la ajabu ayaimbe mbele ya maelfu. Unapata kivuli kizuri cha kusimama. Mwaka 1992 kivuli kilikuwa kimeondoka. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na Brian akabaki na nyimbo zake na koo lake.

Sauti yake ni nyembamba. Akipanda juu inakwaruza, na kuna mahali unasikia anajikaza kufikia noti. Wapo wanaoona hapo ndipo albamu inapungua, na wengine huishia kusema "laiti Freddie angeziimba hizi." Sikubaliani nao kabisa. Nyimbo hizi zilihitaji mtu asiye na pa kujificha. Kwenye I'm Scared anataja hofu zake moja baada ya nyingine, na wimbo kama huo ukipewa mwimbaji mwenye nguvu ya kutikisa uwanja, nani atamwamini kwamba anaogopa?

Kipimo chake kipo, maana wimbo mmoja tunao kwa sauti zote mbili. Too Much Love Will Kill You aliutunga na Frank Musker na Elizabeth Lamers, katikati ya vurugu za nyumba yake. Queen waliurekodi, Freddie akaimba, lakini haukuingia kwenye albamu yao ya 1989 kwa sababu ya mambo ya haki za utunzi, ukawekwa kabatini. Kisha tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie pale Wembley, Brian alikaa kwenye kinanda mbele ya uwanja uliojaa akauimba mwenyewe. Uliotoka kwenye albamu yake ulifika nafasi ya tano Uingereza mwaka ule. Ule wa Freddie ulitoka 1995, miaka minne baada ya kifo chake, kwenye Made in Heaven.

Nimezisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, jana na leo. Freddie anaimba vizuri kupita kiasi. Ukimsikia, na unajua alikuwa mgonjwa, maneno yanabeba maana nyingine kabisa, na machozi yanakutoka kwa ajili yake. Lakini Brian anaimba kilichompata. Ni mwanamume aliyependa wanawake wawili, akaumiza watu, naye akaumia, na anayasema hayo kwa sauti ya kawaida kama mtu anayezungumza na wewe sebuleni. Nikiambiwa nichague, nachukua ya Brian.

Albamu yenyewe haiko sawa kila mahali. Driven by You ilianza kama wimbo wa tangazo la magari ya Ford, nao bado una harufu ya tangazo, japo ulimpatia mafanikio. Let Your Heart Rule Your Head ni wa kuchangamsha, ukipita umepita. Just One Life ndio unaonigusa bila kutarajia: Brian aliutunga kwa ajili ya Philip Sayer, mwigizaji aliyefariki 1989, mtu ambaye hakuwahi hata kukutana naye. Nadhani katika miaka ile kila msiba ulikuwa wake.

Na kuna Nothin' but Blue, wimbo wa kumfikiria Freddie. Anayepiga besi humo ni John Deacon, mpiga besi wa Queen, yule mkimya ambaye baadaye alijitoa kabisa kwenye muziki na hajionyeshi hadharani. Kila nikiusikiliza namfuatilia yeye. Hana madoido, anaweka noti chini tu na kumwachia mwenzake nafasi ya kulia. Kwa drams yuko Cozy Powell, aliyepiga kwenye nyimbo kadhaa za albamu kisha akazunguka na Brian kwenye ziara iliyofuata. Powell naye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1998.

Baba amefariki mwaka jana. Randa yake ninayo, na mpini wake umelainika pale kiganja chake kilipokuwa kinashika. Nimekuwa nikiitumia tangu nilipoichukua karakana, na bado mkono wangu unaangukia mahali pale pale palipolika. Ndiyo maana albamu hii imenikamata sasa kuliko zamani. Brian alirekodi nyimbo hizi za msiba akiwa ameshika kitu alichokitengeneza na marehemu mwenyewe, kila noti ikipita kwenye mbao waliyoichonga pamoja. Last Horizon haina neno hata moja, ni gitaa peke yake mbele, taratibu, na mimi huwa nasikia Harold yumo. Brian hajawahi kuniambia hivyo, ni hisia yangu tu, lakini siiachi.

Mwaka 2021 aliitoa upya, ikiwa imesafishwa, kwa hiyo sasa inapatikana kirahisi kwenye simu kuliko enzi zile za kuomba mtu akurekodie kaseti. Ukiweza, usiisikilizie kwenye simu. Tafuta spika mbili na uzitenganishe, kwa sababu Brian hurekodi gitaa moja juu ya jingine mpaka yanakuwa kama kikosi cha wapiga ala, mengine kulia, mengine kushoto, na ukisikiliza kwenye kispika kimoja yanakandamizana. Anza na Too Much Love Will Kill You uizoee sauti yake. Kisha Resurrection, ukiongeza sauti kadiri majirani watakavyokuvumilia, usikie Powell na Brian wanavyokimbizana. Nothin' but Blue iache mpaka usiku.