Siku moja na paka asiye na mkia, Mombasa: kuanzia alfajiri hadi saa tatu usiku

Saa 11:00 alfajiri

Kabla ya chakula, kabla ya chanuo, naanza na sanduku la mchanga. Ukitunza paka wa aina ya Cymric, wale wa manyoya marefu wasio na mkia, habari zake kubwa za afya ziko nyuma, pale ambapo mkia ungeanzia, na sanduku ndilo linalosema kwanza. Leo limesema vibaya kidogo: vipande vitatu vidogo, vikavu, vimeachana kama kokwa za ukwaju. Kinyesi cha paka mzima mwenye afya ni kipande kimoja au viwili virefu, vyenye unyevu wa kutosha kushika mchanga, na kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku. Ukiona kokwa, jua kinyesi kimekaa mno na utumbo mpana umeshanyonya maji yake.

Kwa paka mwenye mkia hili ni jambo dogo. Kwa huyu naliandika kwenye daftari pamoja na saa, maana mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo hupita katika mifupa ileile ya mwisho ya uti wa mgongo ambayo kwa paka hawa huweza kuumbwa pungufu.

Anaitwa Pamba. Jike, miaka 4, kilo 4.4, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, ameachwa kwenye nyumba yetu ya kulaza paka hapa Tudor mpaka wenyewe warudi safari. Kichwa cha mviringo, mashavu yaliyojaa, mgongo mfupi, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo matako yako juu kuliko mabega. Nikiteremsha kidole kwenye uti wa mgongo, mfupa unakoma ghafla na kidole kinazama kwenye kishimo kidogo. Huyo ni rampi, asiye na mkia kabisa. Rampi-raiza ana kinundu cha mfupa kinachonyanyuka ukimpapasa. Stampi ana kipande kifupi, mara nyingi kimepinda. Longi ana mkia wa kawaida au unaokaribia. Wote hao waweza kuzaliwa tumbo moja.

Kupapasa ni kwa kidole kimoja, bila kubonyeza. Watoto wanaokuja na wazazi wao wana tabia ya kumpigapiga paka matakoni kwa mapenzi. Kwa Cymric hiyo haifai, ncha ya uti haina kinga na baadhi ya stampi hupata baridi yabisi kwenye vifundo vya kile kipande cha mkia. Kumbeba pia kuna adabu yake: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umeshika mapaja kwa chini, uzito wote umeshikiliwa.

Saa 11:30

Kipimajoto cha ukutani kinasoma 27. Wakati wa kaskazi hii ndiyo saa ya nafuu kuliko zote, na ndiyo saa ya kuchana. Ikifika saa tatu paka wa manyoya marefu hataki mkono wa mtu, naye ana haki.

Manyoya ya Cymric yana tabaka mbili: ya juu marefu na laini kama hariri, ya chini mafupi na mazito kama sufi. Kule yalikotokea, tabaka la chini lilikuwa blanketi. Hapa ndilo linaloleta kazi. Unyevu wa bahari huyafanya manyoya yaliyokufa yasianguke, yanabaki ndani, yanasokotana na yaliyo hai, na baada ya siku nne tano una fundo. Nchi za baridi wanachana mara mbili kwa wiki. Mombasa ni kila baada ya siku moja, na mwezi wa Februari na Machi ni kila siku.

Vifaa ni viwili tu: chanuo la chuma lenye meno mapana, na jingine la meno ya karibu. Brashi laini huteleza juu ya tabaka la kwanza ikakudanganya kuwa kazi imekwisha. Naanza mgongoni kuelekea nyuma, halafu mbavu, kifua, shingo. Kila mara mkono wa kushoto unashika shina la manyoya karibu na ngozi ili mvuto usimfikie. Meno mapana yakipita bila kukwama ndipo napitisha ya karibu. Sehemu za mafundo zinajulikana: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, na mapajani, kwenye manyoya mazito tunayoyaita kaptura.

Leo kuna fundo moja kwapani, ukubwa wa punje ya korosho. Nalinyunyizia kijiko kidogo cha unga laini wa wanga wa mahindi, ule wa kuzidisha uzito wa mchuzi, nalipasua kwa vidole kutoka pembeni kuingia kati, kisha meno ya mwisho ya chanuo yanachambua kidogo kidogo. Dakika sita. Mkasi siushiki hata siku moja. Ngozi ya paka ni nyepesi na huvutwa ikaingia ndani ya fundo. Unadhani unakata manyoya, kumbe umekata ngozi, na jeraha la kwapani hufunguka kila anapotembea. Fundo lililogandamana na ngozi linaondolewa kwa mashine ya kunyolea, na mtu aliyezoea.

Wengi huuliza kwa nini tusimnyoe wote, joto lote hili. Mimi sikubali. Manyoya ya juu yanakinga ngozi nyeupe na jua, na tabaka hizi mbili hurudi polepole, mara nyingi bila mpangilio. Toa sufi iliyokufa kwa chanuo na hewa itapita. Mahali pa kupunguza kwa mashine ni pawili: tumboni, na duara la sentimita 3 kuzunguka njia ya haja. Hili la pili ni lazima kwa Cymric. Hana mkia wa kusogeza kando, kwa hiyo kinyesi kikiwa laini hushika kaptura, kikikauka huziba njia, na paka aliyeumia mara mbili kwa namna hiyo huanza kujizuia. Ndivyo choo kigumu kinavyozaliwa. Nimetazama leo: pasafi. Nagusa ngozi ya pembeni kwa pamba yenye maji vuguvugu. Msuli unajikaza mara moja. Mishipa inafanya kazi, kwa hiyo shida ya leo iko kwenye maji na chakula.

Saa 1:15 asubuhi

Gramu 85 za chakula cha majimaji, kijiko kidogo cha boga lililochemshwa likapondwa bila chumvi, vijiko viwili vikubwa vya maji vuguvugu. Boga lina nyuzinyuzi zinazoshika maji. Usizidishe, vijiko vitatu vikubwa vitamfungulia tumbo na utarudi kufua kaptura.

Paka wa kilo 4 na nusu anahitaji kama mililita 220 za maji kwa siku, yakihesabiwa na yaliyo ndani ya chakula. Wa chakula kikavu peke yake mara nyingi hafiki hapo. Bakuli la maji ni la kauri, pana, mbali na chakula na mbali na sanduku. La chakula linakaa ndani ya sinia yenye maji, vinginevyo sisimizi wamefika kabla yake. Baada ya dakika 30 kilichobaki kinatupwa, kwa joto letu kinaharibika upesi.

Ugali na mabaki ya samaki haumtoshi paka yeyote, seuze huyu. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Ikikosekana muda mrefu macho na moyo huharibika. Samaki mbichi wa kila siku humaliza vitamini B1, na ng'onda ana chumvi kupita kiasi. Maziwa humharisha wengi wao.

Saa 3:30

Pamba amelala juu ya vigae, tumbo limebanwa kwenye ubaridi. Hii ndiyo saa ya simu, na swali ni lilelile: wapi nitapata kitoto cha namna hii, na je, wakizaana wawili nitapata wengi?

Jibu la kwanza ni asili yao. Paka wasio na mkia wametoka Kisiwa cha Man, katikati ya Bahari ya Ireland, na aina ya manyoya mafupi inaitwa Manx. Wenye manyoya marefu walikuwa wakizaliwa humo humo, maana kinasaba cha manyoya marefu hujificha: wazazi wawili wa manyoya mafupi wanaweza kukibeba wote na kitoto kikatoka kama Pamba. Wafugaji wa Amerika Kaskazini ndio waliowatenga na kuwapa jina, kutokana na Cymru, yaani Wales kwa lugha ya wenyewe. Chama cha paka cha Canada kiliwatambua mwaka 1976. Nchini Marekani, Cat Fanciers' Association tangu 1994 inawahesabu kuwa Manx wa manyoya marefu, si aina ya peke yake.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na nalisema wazi hata kama mteja atakata simu. Kukosa mkia kunatokana na kinasaba kimoja chenye nguvu. Nakala moja inatosha kuondoa mkia. Nakala mbili huua kijusi tumboni. Ukiwaoza wawili wasio na mkia, robo ya mimba hupotea kabla ya kuzaliwa, na waliobaki hatari ya uti mbovu haijaondoka. Mfugaji makini humwoza rampi kwa mwenye mkia wa familia hiyohiyo, hakimbilii idadi, na hatoi kitoto kabla ya miezi minne, kwa kuwa kasoro za uti nyingi hujionyesha ndani ya muda huo. Anayekuuzia wa wiki nane kwa haraka anakuuzia bahati nasibu.

Saa 6:20 mchana

Nyuzijoto 32, na umeme umekatika. Feni si kitu kikubwa kwa paka, kwani jasho lake ni la nyayo tu. Anajipoza kwa kulamba manyoya mate yakauke, na kwenye hewa nzito kama hii mate hayakauki upesi. Nafanya mambo matatu: namhamishia chumba cha upande wa bahari, natandika leso iliyoloweshwa ikakamuliwa, naweka chupa ya barafu iliyofungwa taulo mahali anapoweza kuikaribia au kuikimbia mwenyewe.

Halafu nahesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa sekunde 30. Kumi na tatu, yaani pumzi 26 kwa dakika. Hiyo ni salama. Akihema mdomo wazi, ufizi ukawa mwekundu sana, mate yakachuruzika au akayumba, usingoje: maji ya bomba, si ya barafu, tumboni na kwenye nyayo, huku usafiri wa kwenda kwa daktari unatafutwa. Maji ya barafu hubana mishipa ya damu ya ngozini na joto linabaki ndani. Joto lake la kawaida ni 38.1 hadi 39.2, likipita 40 ni hatari.

Saa 9:00 alasiri

Mama mmoja kutoka Kisauni ameleta kitoto kwenye kikapu, kimeokotwa sokoni, hakina mkia.

"Mwanangu, nitizamie huyu. Ni hao wa kizungu au mtu kamkata?"

"Tumtizame mgongo kwanza, mama."

Nimempapasa: baada ya nyonga kuna mifupa mitatu midogo, kisha ncha butu, na ngozi ya juu ina kovu jembamba lisiloota manyoya. Aliyezaliwa bila mkia hana kovu, na manyoya hufunika kishimo sawasawa. Huyu alipoteza mkia, huenda kwa kubanwa mlangoni. Mkia ukivutwa kwa nguvu mishipa ya kibofu huweza kung'oka nayo, kwa hiyo vipimo ni vilevile: namtembeza kwenye mkeka mkavu. Nyayo zinakanyaga kwa vidole, kisigino kiko juu, miguu ya nyuma inapishana, mkeka haujalowa. Cymric mzima naye hutembea hivyo hivyo. Anayeruka miguu miwili kwa pamoja kama sungura kila hatua, anayekanyaga kwa kisigino, au anayedondosha mkojo akiwa amelala, apelekwe kupigwa eksirei.

Nimemwambia arudi kwa chanjo ya kichaa cha paka na mbwa kitoto kikifika miezi mitatu. Ameuliza pia dawa ya viroboto, akatoa mkobani chupa ya mbwa wake. Nimeiweka kando mbali. Dawa nyingi za mbwa zina pemethrini, na matone yake machache humtia paka kifafa na kumuua.

Saa 11:15 jioni

Upepo umerudi. Mchezo wa dakika 15, kamba yenye unyoya: Cymric ana mapaja yenye nguvu na huruka kutoka sakafuni mpaka juu ya kabati bila kuuhitaji mkia. Leo mchezo ni dawa pia, utumbo huamka mwili ukitembea. Kwa kuwa hana mkia wa kukuonya amechoka, tazama masikio yakilala pembeni na ngozi ya mgongoni ikitetemeka, hapo acha.

Chakula cha jioni, kipimo kilekile, bila boga.

Saa 3:00 usiku

Nimepima maji: yamepungua mililita 70 bakulini, ukiondoa yanayokauka yenyewe si mabaya. Nilikuwa nimeamua kwamba saa 48 zikipita bila choo cha kueleweka nampeleka kwa daktari, na kwamba dawa ya kuingiza maji nyuma inayouzwa kwa binadamu haitagusa mwili wake, kwa kuwa ya fosfeti huua paka.

Saa mbili na dakika arobaini alichimba sandukuni, akajikunja, hakulia. Kipande kimoja, sentimita 7, laini, kimeshika mchanga. Nimepangusa kaptura, nimeandika, nimezima taa.