Mita kumi za kwanza ndizo zenye kazi

Muulize mtu ambaye hajawahi kuzamia anaogopa nini, atakutajia kina: mita thelathini, arobaini, giza la huko chini. Hesabu ya maji inasema vingine. Ukishuka mita 10 tu, presha inayokubana inakuwa mara mbili ya ile ya juu ya maji. Ili iongezeke mara mbili tena, itakubidi ufike mita 30. Maana yake ni kwamba badiliko kubwa kuliko yote linatokea pale pale juu, kwenye maji ya mwenye snorkeli (bomba la kupumulia uso ukiwa majini) na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kanuni yenyewe Robert Boyle aliichapisha mwaka 1662: presha ikizidi mara mbili, hewa inasinyaa hadi nusu. Masikio, miwani, mapafu, jaketi la kuelea, vyote vina hewa ndani, na matatizo mengi ya mzamiaji yanaanzia kwenye kimojawapo.

Tuanze na miwani. Ile ya kuogelea bwawani, inayofunika macho peke yake, usishuke nayo. Hewa iliyomo inasinyaa, na kwa kuwa pua iko nje huna njia ya kuongeza nyingine; kioo kinavutwa usoni na macho yanavilia damu. Miwani ya mbizi inafunika pua kwa sababu hiyo hasa: kadiri unavyoshuka unatoa pumzi kidogo puani, na mvuto unaisha. Kuipima ni hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikiganda, ni saizi yako. Ukisikia hewa inapenya juu ya mdomo au pembeni mwa jicho, irudishe, hata kama rangi umeipenda.

Miwani nzuri ikivuja, angalia kwanza unywele ulionasa chini ya silikoni, kisha masharubu, kisha mkanda. Hapa kwenye mkanda watu wengi wanajiponza: wakiona maji yanaingia wanakaza, na maji yanazidi, kwa sababu silikoni iliyovutwa mno inajikunja na kuacha mwanya. Kinachoibana miwani usoni ni presha ya maji yenyewe. Mkanda kazi yake ni kuizuia isichomoke. Uweke nyuma ya kichwa pale palipochomoza, wala sio shingoni.

Kuhusu ukungu: kioo kipya kinatoka kiwandani na utando mwembamba usioonekana, na mate hayatafua dafu mpaka uutoe. Sugua upande wa ndani kwa kidole na dawa ya meno nyeupe ya kawaida, suuza, rudia mara tatu nne. Kama kioo kimepakwa dawa maalumu kiwandani, usikisugue, fuata maelekezo yake. Baada ya hapo, kila unapoingia majini, tema mate kwenye kioo kikiwa bado kikavu, sambaza kwa kidole, chovya mara moja, vaa. Ukishakilowesha kwanza, mate hayashiki.

Snorkeli ni bomba tu, lakini bomba lina hesabu zake. Urefu wake ni kama sentimita 40, na haliongezeki kwa sababu mbili. Ya kwanza, hewa chafu uliyoitoa inabaki ndani ya bomba na ndiyo unayoivuta tena. Bomba refu lingekupa hewa chafu tupu. Ya pili, kifua kikiwa mita moja chini ya maji, misuli yake karibu inashindwa kabisa kukipanua kuvuta hewa ya juu. Kwa hiyo pumua polepole na kwa kina. Pumzi fupi za harakaharaka zinasukuma hewa ile ile iliyochakaa kwenda na kurudi ndani ya bomba. Kichwa kinaanza kuuma, moyo unadunda, na mtu anadhani ni woga. Maji yakiingia, puliza mara moja kwa nguvu, “tu!”, kisha pumzi inayofuata ivute taratibu huku ulimi umeinuliwa kuzuia matone yaliyobaki. Snorkeli ya kufunika uso mzima ni starehe kwa kuelea, lakini nyingi haziruhusu kubana pua, kwa hiyo usishuke nazo.

Wenye snorkeli wanaopenda kuchungulia chini wana hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Kabla ya kuzama, wengine huhema haraka mara kumi, ishirini, wakiamini wanajaza oksijeni. Oksijeni karibu haiongezeki. Kinachopungua ni kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kupumua. Ukiipunguza, hamu inachelewa kuja, unajiona una pumzi ya ajabu, na wakati wa kupanda presha inaposhuka oksijeni iliyobaki haitoshi ubongo. Mtu anazimia bila dalili, mara nyingi akiwa karibu kabisa kutokeza, na kama hakuna anayemtazama anakufa maji akiwa amebakiza mita mbili. Pumua kawaida, pumzi moja ya kina mwishoni, shuka. Mwenzako abaki juu anakuangalia, si kushuka nawe pamoja.

Sasa masikio, ambayo yanaharibu safari nyingi kuliko papa wote. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi ya hewa iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ukishuka, maji yanaisukuma ngoma ndani. Njia pekee ya kuirudisha ni kupitisha hewa kwenye mrija huo. Mrija ni laini na hujifunga kama vali: ukichelewa kusawazisha, presha ya nje inaubana, na kadiri unavyopuliza kwa nguvu ndivyo unavyozidi kugoma. Ndiyo maana wazoefu huanza kabla hata kichwa hakijazama, na kurudia kila nusu mita au mita moja, bila kusubiri maumivu. Maumivu ni ishara kwamba umeshachelewa.

Namna ya kawaida, inayobeba jina la Antonio Maria Valsalva wa Italia, ni kubana pua na kupuliza polepole mdomo ukiwa umefungwa. Polepole kweli. Nyingine, iliyo salama zaidi, ni kubana pua huku unameza mate. Ikigoma, panda mita moja, inua kidevu unyooshe shingo, jaribu tena. Shuka miguu mbele ukishika kamba ya nanga, kwa kuwa kichwa kikiwa chini mrija huvimba kidogo na kuwa mgumu kufunguka. Na ukiwa na mafua, siku hiyo kaa nchi kavu. Kuna wanaomeza dawa ya kuzibua pua. Tabu yake ni kwamba ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyoingia sikioni inanasa wakati wa kupanda, na huko huwezi kuahirisha kupanda.

Kwa mwenye mtungi, mazoezi hasa yako kwenye uzito. Wageni wengi hupewa risasi (vipande vya madini vya kuwazamisha) nyingi mno, kwa kuwa mtu mzito anazama haraka na mwenye kumwongoza anapumzika. Gharama yake inalipwa chini: mwenye kilo za ziada anajaza hewa kwenye jaketi ili asiguse mchanga, na ile hewa inatanuka kila akipanda kidogo na kusinyaa kila akishuka. Anakuwa anapanda na kushuka muda wote, anakanyaga matumbawe, anamaliza mtungi. Kipimo ni rahisi. Ingia kwenye maji usiyoweza kusimama ukiwa na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida bila kupiga miguu. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukizama kabla hujaitoa, punguza risasi.

Kuna jambo moja linasahaulika kwenye kipimo hicho. Hewa ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha presha) umebeba kama lita 2,200 za hewa, na hizo ni kama kilo mbili na nusu. Mwisho wa mbizi, sehemu kubwa ya hewa hiyo imekwisha na mtungi wenyewe unataka kuelea. Kwa hiyo ukijipima na mtungi uliojaa, ongeza kama kilo mbili juu ya kipimo, la sivyo utashindwa kutulia mita 5 mwishoni.

Kabla ya kuruka, fungua vali ya mtungi hadi mwisho, geji (saa inayoonyesha presha ya mtungi) ikiwa imegeuzwa mbali na uso. Kisha vuta pumzi nne kwenye regileta, kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni, huku unatazama sindano ya geji. Ikitulia, sawa. Ikicheza, inashuka unapovuta na kurudi unapoachia, basi vali haijafunguka yote: juu ya maji hutaona tofauti, lakini kwenye mita 20, ambako kila pumzi inabeba hewa mara tatu, utajikuta unanyonya bila kupata. Hewa ikitoka na sauti ya “ssss” pale regileta inapokutana na mtungi, ni oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, ibadilishe, usikaze. Hewa yenye harufu au ladha ya mafuta usiivute hata kidogo, achana na mtungi huo.

Hesabu ya hewa yenyewe kila mtu anaiweza. Tuseme unatumia lita 20 kwa dakika juu ya maji. Mita 20 chini ni lita 60. Ukiacha bar 50 za akiba, mtungi ule unakupa kama lita 1,650, yaani dakika 27 hivi. Mita 10 chini, mtu yule yule na mtungi ule ule anapata dakika 41 hivi. Na pale juu ndipo penye mwanga. Rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, hata damu ya mkwaruzo chini huonekana ya kijani. Kwa mtazamo wangu mbizi ya mita 10 hadi 12 kwenye mwamba hai inaishinda ya mita 30 mara nyingi, ingawa haina la kujisifia.

Kanuni isiyo na mjadala ni kutoshika pumzi. Hewa iliyojaa kwenye mapafu mita 10 chini inataka nafasi mara mbili ikifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kupanda mita moja na kitu ukiwa umejaza kifua na kufunga koo kunatosha kuyapasua. Panda isizidi mita 9 kwa dakika, polepole kuliko mapovu yako madogo, simama mita 5 kwa dakika 3, kisha malizia taratibu zaidi. Mita hizo 5 za mwisho ndizo watu huzikimbilia. Kusimama huko ni kuipa muda wa kutoka naitrojeni, gesi ya hewani iliyoyeyuka mwilini, ambayo mwanasayansi John Scott Haldane aliichunguza kwa mbuzi na kutoa majedwali ya kwanza mwaka 1908. Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutopanda ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya mbizi moja, au saa 18 kama ulizamia zaidi ya mara moja.

Upande wa bahari, tazama maji kabla ya kutazama ramani. Siku za maji mafu mikondo ni midogo na mchanga umetulia. Wakati wa bamvua, mlango wa mwamba, yaani uwazi katikati ya matumbawe, unaweza kugeuka mto. Kwa snorkeli, ingia nusu saa kabla maji hayajajaa kabisa, uogelee mkondo ukiwa umepoa. Maji yakianza kupwa, yanatoka kupitia milango hiyo hiyo ya mwamba na kukuvuta kwenda nje: usishindane nayo uso kwa uso, katiza pembeni. Ukiwa na mkondo mdogo, anza safari kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, umechoka, ukusukume.

Matumbawe yasiguswe, hata yale yanayoonekana kama jiwe. Mengi ya aina ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Vaa fulana ya mikono mirefu, mgongo na nyuma ya magoti ndiko jua linakochoma. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, nchi ya visiwa ya Palau iliyapiga marufuku kuanzia mwaka 2020 na Hawaii ikasimamisha uuzaji wake mwaka 2021, na fulana inakupunguzia haja ya mafuta yoyote. Ukichomwa na mwiba wa samaki mwenye sumu, au wa samaki bapa aitwaye taa, zamisha mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Maji hayo ayapime kwanza mtu mwingine kwa mkono wake. Aliyechomwa haoni tofauti ya moto na kuungua.

Ukitoka, suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kifuniko cha regileta kikaushe na uifunike nacho kabla ya kuisuuza, na ikiwa imelowekwa usibonyeze kile kitufe cha mbele: kinafungua vali, na maji yanapanda kwenye mpira hadi mahali yasipotakiwa. Jaketi nalo lijaze maji kidogo ndani, litikise, limwage, kisha liache limejaa hewa nusu mpaka likauke, la sivyo chumvi itagandisha kuta zake.