Mkanda ulioruka meno

Kaskazi ya mwaka 2022, mwalimu mmoja mstaafu wa Raskazone alisukuma baiskeli yake hadi kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, ninapotengeneza baiskeli, na nyuma yake kijana kabeba boksi la mota.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Magoti yamekataa. Nifungie hii mota, lakini mkanda usiniondolee."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoifanya kazi ikawa kazi. Baiskeli ilikuwa mtumba wa Ulaya: fremu ya alumini, habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya Shimano Nexus ya gia 8 za ndani, na mahali pa cheni pana mkanda wa Gates wenye nyuzi za kaboni. Mkanda huo hautaki mafuta wala haupati kutu, na Tanga hewa ya chumvi inakula cheni kabla hujaizoea. Alikuwa na haki ya kuung'ang'ania. Mota ilikuwa Bafang ya katikati, BBS02 ya volti 48 na wati 750, ile inayoingia kwenye tundu la ekseli ya pedeli na kusukuma sproketi, gurudumu la meno, ya mbele.

Jambo la kwanza kuangalia halikuwa mota. Ni breki. Krenki (mikono ya pedeli) za mota hii zikizungushwa kinyume, sproketi haifuati, kwa hiyo baiskeli inayosimama kwa kurudisha pedeli nyuma itabaki haina breki ya nyuma kabisa. Habu hii bahati nzuri ilikuwa na breki ya mkono.

La pili ni hesabu ya meno. Mkanda haukatwi wala hauungwi kama cheni. Urefu uliotoka nao kiwandani ndio huo huo. Huu ulikuwa na meno 118, jino hadi jino mm 11, na ulizunguka sproketi ya meno 50 mbele na 22 nyuma. Mota ilikuja na sproketi ya cheni ya meno 46. Ukitafuta ya mkanda yenye meno 46 hayo hayo, gurudumu la nyuma lazima lirudi karibu mm 12 ndipo mkanda ukaze, na masikio ya fremu yanayoshika ekseli yalikuwa yamebakiza nafasi ya mm 8 tu. Basi meno 50 yalibaki. Sproketi ya zamani ilitolewa kwenye krenki ikahamishiwa juu ya adapta, kipande cha kuunganishia, ya alumini yenye matundu 5 kwenye duara la kipenyo cha mm 130, nayo adapta ikashikwa kwenye mota kwa skrubu 5.

Kufungua ekseli ya zamani ya pedeli kulichukua asubuhi nzima, kwa sababu ya chumvi. Kikombe cha kulia kinachoshika beringi yake kina uzi wa kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inakoelekea. Anayesahau hilo anakikaza hadi anaharibu fremu. Tundu likiwa wazi nilipima: upana mm 68, sawa na mota inavyotaka. Ila skrubu inayoshika kipitishio cha nyaya chini ya fremu ilikuwa imechungulia ndani, na mota ikagonga hapo. Ilibidi ikatwe na kupigwa tupa.

Mota iliingia kutoka kulia. Kushoto kuna bamba la meno, bolti 2 za M6, nati kubwa ya M33 na nati ya kuifungia juu yake. Mota ikivuta, mwili wake unajaribu kupanda kuelekea bomba la chini la fremu. Ukiiacha ining'inie katikati ya hewa itapanda yenyewe, na nati italegea. Niliisukuma juu mpaka ikaegemea kipande cha mpira wa tairi kwenye bomba, ndipo nikakaza.

Mkanda ulivishwa bila kukunjwa wala kusokotwa, maana nyuzi za kaboni zikivunjika ndani hutaona kitu kwa nje. Ukazo unapimwa kwa mlio: unaudonoa mkanda kama uzi wa gambusi, simu inasikiliza na kutoa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Nilipata hertzi 45. Krenki ikazungushwa robo robo, nikapima kila mahali, kwa kuwa sproketi haiko duara kamili na penye kukaza zaidi ndipo pa kufuata.

Tulipoijaribu kuelekea Raskazone, mwalimu akiondoka penye taa, mkanda uliruka: ta-ta-ta! Nikafanya kosa ambalo mafundi wengi hulifanya: nikakaza hadi hertzi 70. Uliruka tena, na sasa habu ilizunguka kwa uzito, kama ina mchanga ndani. Beringi zilikuwa zinabanwa. Pembeni mwa mkanda pakaanza kutoka vumbi jeusi.

Vumbi hilo ndilo lililosema kweli. Mkanda wa aina hii una mfereji katikati, na sproketi ina ukingo unaopita humo. Ukiona upande mmoja tu unaliwa, ujue sproketi mbili haziko kwenye mstari mmoja. Niliweka rula ya chuma kutoka mbele hadi nyuma: ya mbele ilikuwa imetoka nje mm 4. Cheni ingevumilia. Mkanda hauvumilii, na kuukaza zaidi ni kuuongezea adhabu.

Mota yenyewe huwezi kuihamishia kushoto, kwa sababu bega lake la kulia limeshagusa fremu. Kilichobaki ni adapta. Fundi wa kukereza vyuma aliipunguza upande unaokaliwa na sproketi, kutoka unene wa mm 9 hadi 5. Kabla hajakata nilipitisha karatasi ngumu kati ya sproketi na kifuniko cha gia za mota, kuhakikisha haitasugua ikisogea ndani.

Lakini kulikuwa na sababu ya pili, na ningeikosa kama nisingelegeza gurudumu. Sikio la kulia la fremu lilikuwa limeteleza mbele karibu mm 2. Nguvu ya miguu haikuwahi kulihamisha. Ya mota ilifanya hivyo siku ya kwanza. Gurudumu likikaa upande, mkanda unalegea wakati wa kuvuta hata kama ukiwa umesimama unapima vizuri. Nilisafisha nyuso zinazogusana, nikakaza bolti, nikaweka skrubu nyingine ya kulisukuma sikio, maana ya awali ilikuwa imepotea.

Mwisho ukaja umeme. Kontrola, kifaa kinachoamua umeme kiasi gani uingie kwenye mota, ilikuwa imewekwa ampea 25; kwa volti 48 hizo ni wati 1,200, mzigo ambao habu ya gia za ndani haikutengenezewa. Kwa kompyuta niliishusha hadi ampea 15, yaani wati 720, na mkondo wa kuanzia hadi asilimia 10 ili mota ianze kwa upole. Mwalimu nikamweleza: kabla ya kubadili gia acha kukanyaga kidogo, mota ipumzike, ndipo ubadili. Viungio vyote vya waya nilivipaka grisi ya umeme kwa ajili ya chumvi, na betri iliunganishwa ya mwisho kabisa.

Ukazo ulirudi hertzi 46. Kutoka Ngamiani hadi Amboni na kurudi, mkanda haukutoa mlio. Wiki mbili baadaye alirudi kama tulivyokubaliana: nati ya M33 ilikuwa imelegea kama robo mzunguko, ikakazwa. Vumbi jeusi halikuwepo.