Berlin kwa tiketi ya siku: nilivyojipangia bila basi la watalii

Nilikwenda Berlin Mei 2025 kwa mafunzo ya kikazi, na mafunzo yalipokwisha nikabaki siku chache kwa gharama zangu. Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kulala hoteli unayolipiwa na mwajiri ni raha, lakini ukianza kulipa mwenyewe, kila yuro unaigeuza shilingi kichwani na kuguna. Nikakata shauri mapema: basi la watalii silipii, na sitakimbilia kila jengo lililo kwenye kadi za posta. Nitaanza na Berlin inayotuhusu sisi Watanzania, mengine yatajipanga yenyewe. Yakajipanga kweli, na sehemu kubwa ya safari nikaifanya kwa njia moja ya treni ya chini ya ardhi, U6.

Habari za viza sizirefushi, kila mtu ana simulizi yake. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000, na ombi linapokelewa hadi miezi 6 kabla ya kuondoka. Kama na wewe unakwenda kikazi na unataka kubaki kidogo, siku hizo za ziada ziandike kwenye ombi tangu mwanzo, pamoja na bima yake na mahali utakapolala. Viza hutolewa kwa kufuata ratiba uliyowasilisha. Ukiandika siku za mkutano tu, utapewa za kufanana na hizo, na huko Ujerumani hakuna wa kumbembeleza akuongezee.

Uwanja wa ndege unaitwa BER, na stesheni ya treni iko chini yake palepale, Terminal 1. Kabla hujapanda chochote elewa kwamba Berlin imegawanywa kanda tatu: A ni katikati, B ni mitaa ya pembeni, C ni nje ya mji. Uwanja uko C. Kwa hiyo ukitua unahitaji tiketi ya ABC, na ukishaingia mjini AB inakutosha. Mwaka huo tiketi moja ya AB ilikuwa yuro 3.80, ya ABC yuro 4.70. Tiketi ya saa 24 ya AB ilikuwa 10.60, yaani ukipanda mara tatu tu imekwishajilipa. Mimi niliishi kwa hiyo. Unapanda treni, tramu, basi, unashuka ukiona kitu, unapanda tena, hakuna anayekuuliza.

Au tuseme hakuna anayekuuliza mpaka akuulize. Stesheni hazina geti wala mlinzi, mtu anaweza kudhani usafiri ni wa bure. Wakaguzi wapo, wengi wamevaa kiraia, shati na jaketi kama abiria mwingine yeyote. Milango ikishafunga tu, mtu uliyedhani anakwenda kazini anatoa kitambulisho. Faini ni yuro 60. Na kuwa na tiketi ya karatasi mfukoni peke yake haitoshi, lazima uigonge muhuri wa saa kwenye kisanduku kilichosimama jukwaani kabla hujapanda. Cha njano kwa U-Bahn, treni za chini ya ardhi, chekundu kwa S-Bahn, treni za mji zinazopita zaidi juu ya ardhi. Nilimshuhudia kijana mmoja mgeni akionyesha tiketi safi kabisa, haina muhuri, na maelezo yake yote hayakumsaidia. Kwenye basi usitegemee kumlipa dereva kwa noti, hapokei pesa taslimu.

Siku ya kwanza ya uhuru wangu nilipanda basi namba 100. Hili ni basi la kawaida la mji, linatoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, na wenyeji wanalijua kama ziara ya watalii ya bei ya daladala. Panda ghorofani, kaa kiti cha mbele. Unapita mnara wa Siegessäule, halafu Schloss Bellevue, jumba jeupe ambalo ni makao rasmi ya Rais wa Ujerumani. Nilipoliona nikakumbuka kwamba Rais huyo, Frank-Walter Steinmeier, ndiye aliyesimama Songea 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha bustani.

Mbele kidogo ni Reichstag, jengo la bunge. Kuba lake la vioo, kazi ya mbunifu Norman Foster, ni bure kupanda, ila lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya bunge na uje na pasipoti. Nafasi za jioni huisha haraka, kwa hiyo jiandikishe ukiwa bado nyumbani. Kutoka hapo unakwenda kwa miguu hadi Lango la Brandenburg, na kusini yake ni kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, nguzo 2,711 za zege za kimo tofauti, wazi mchana na usiku, hakuna kiingilio. Ingia katikati yake peke yako, usizungumze na mtu. Watoto wanacheza kujificha humo, jambo ambalo mimi lilinikera, lakini si mji wangu.

Ukiifuata Wilhelmstraße kutoka hapo, tafuta namba 92. Utakuta maghorofa ya kuishi watu ya miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, na bango la maelezo kando ya njia. Hapo ndipo lilipokuwa jengo ambamo mkutano wa kuigawa Afrika ulifanyika, Novemba 1884 hadi Februari 1885. Jengo lenyewe halipo tena. Tangu darasani tumeimba habari za Mkutano wa Berlin, nami nilitegemea angalau sanamu. Ni bango tu, na baiskeli zimefungwa karibu yake. Bado naona panafaa kufika kuliko Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha ukaguzi mpakani, ambako utakuta kibanda cha kuigiza na msongamano wa watu. Kama unautaka Ukuta wa Berlin hasa, nenda Bernauer Straße: kipande chake kimeachwa na mnara wa ulinzi na ukanda mtupu ulioitwa wa kifo, na hakuna kiingilio.

Sasa U6. Shuka Naturkundemuseum, makumbusho ya viumbe na miamba. Hufungwa Jumatatu, kwa hiyo usije siku hiyo. Na ukisoma mahali kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho mengi ya Berlin ni bure, utaratibu huo ulikoma mwishoni mwa 2024.

Ukipita mlango tu, ukumbi wa kwanza, yuko amesimama yule mjusi wetu wa Tendaguru. Kimo mita 13.27, kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani. Nilisimama chini ya mbavu zake nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Kichwa chake kiko karibu na paa la vioo, ile miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na mfupa mmoja wa paja unanishinda urefu. Mifupa hii ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa huko, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo kwa meli. Zaidi ya tani 200. Mjadala wa kuirudisha umewahi kufika bungeni Dodoma, na kila mtu ana lake. Langu ni kwamba Mtanzania anayefika Berlin akaenda kununua fulana Alexanderplatz bila kumuona mjusi huyu, amepoteza nauli.

Rudi kwenye U6 ileile, uelekeo wa kaskazini, hakuna kubadili treni. Stesheni saba kidogo kidogo unafika Afrikanische Straße. Hapa ni Wedding, kwenye mtaa unaoitwa wa Kiafrika, na si kwa sababu ya Waafrika wanaokaa pale, ingawa wapo. Majina ya barabara yalianza kuwekwa 1899 kuutukuza ukoloni. Unatembea Sansibarstraße, unaikuta Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Ni mtaa wa makazi mtulivu, miti mingi, akina mama na toroli za watoto. Barabara niliyoifuata hasa iliitwa Petersallee. Ilipewa jina hilo 1939 kumuenzi Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka ya ubishi, Agosti 2024 sehemu yake ikawa Maji-Maji-Allee, na nyingine Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia. Nilipiga picha kibao cha Maji-Maji, nikaituma kwenye kundi la familia. Babu yetu mkubwa ni wa Ruvuma. Simu haikunyamaza mpaka usiku.

Katika duka moja la vyakula vya Kiafrika Wedding nilisikia Kiswahili nyuma ya rafu ya unga. Nikageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka nyumbani lini?"

Nikamweleza. Akatazama kikapu changu, kilikuwa na chupa moja ya maji.

"Maji ya nini? Ya bomba hapa yananywewa. Na leo ni Jumamosi, kesho maduka yote yamefungwa. Nunua mkate na mayai leo, usije ukalala njaa mji wa watu."

Ni kweli. Jumapili Berlin hufunga, supamaketi hata moja huipati mtaani kwako isipokuwa zile za ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof, na huko foleni yake ni balaa. Vioski vidogo wanavyoviita Späti hukusaidia vinywaji na biskuti. Yule mama ndiye pia aliyenifundisha kutotupa chupa: kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo la soda lina amana ya senti 25, unalirudisha kwenye mashine ya supamaketi unapewa risiti ya kukatwa kwenye manunuzi. Usipotaka usumbufu, iache kando ya pipa, si ndani. Wapo watu wanaoishi kwa kuziokota, na kuwalazimisha kuingiza mkono kwenye taka ni ukosefu wa adabu.

Nilimuuliza namba za nyumba zinakwendaje, maana nilikuwa natafuta Brunnenstraße 193. Akacheka. Katika barabara nyingi za zamani za Berlin namba hupanda upande mmoja mpaka mwisho wa barabara, kisha zinarudi zikishuka upande wa pili. Kwa hiyo namba 193 inatazamana na namba ndogo kabisa, karibu na stesheni ya Rosenthaler Platz, wakati mgeni angeitafuta kilomita moja mbele.

Nilichokitafuta hapo ni kibamba cha shaba, upana wa kiganja, kilichopachikwa kati ya mawe ya njia ya miguu. Kimewekwa kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Berlin kama Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Alipelekwa vitani upande wa Wajerumani akiwa mtoto, akaja Berlin 1929, akafanya kazi ya uhudumu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu. Wanazi walimkamata 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Watu walikuwa wanapita na kahawa zao. Niliinama, nikapangusa vumbi, nikamsomea Fatiha.

Kambi yenyewe unaweza kwenda: S1 mpaka mwisho wa njia, Oranienburg, halafu mwendo wa dakika kama 20 kwa miguu. Kuingia ni bure. Oranienburg ni kanda C, tiketi ya AB haifiki.

Chakula hakikunisumbua. Cha halali kipo kila kona mitaa ya Kreuzberg na Neukölln, na Sonnenallee utakula wali na kuku wa Kiarabu mpaka usahau nyumbani. Neukölln hukohuko, karibu na Hermannplatz, kuna Lucy-Lameck-Straße, iliyopewa 2021 jina la mwanasiasa huyo, mama yetu wa Moshi, baada ya kuondolewa jina la Wissmann, gavana wa Wajerumani enzi za ukoloni. Migahawa midogo mingi inataka pesa taslimu, kadi yako hata iwe ya dhahabu. Ukitoa pesa kwenye mashine na ikakuuliza kama ikukate kwa shilingi, kataa, chagua yuro. Kiwango chao cha kubadilisha ni cha kukuumiza. Vyoo vingi vya mjini ni vya kulipia. Na beba adapta: plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti na wakati mwingine kwa video, hivyo eSIM, laini isiyo na kadi, uliyonunua kabla ya kuondoka inakuepusha na yote hayo.

Siku ya kurudi, kama tiketi yako ya saa 24 ya AB bado iko hai, usinunue mpya ya kwenda uwanjani. Mashine zinauza nyongeza ya kanda C tu kwa bei ndogo. Na kama umenunua kitu cha zaidi ya yuro 50 katika duka moja na ukaomba fomu ya kurudishiwa kodi, kionyeshe forodhani pamoja na risiti kabla ya kukabidhi mzigo kaunta. Begi likishakwenda kwenye mkanda, hakuna wa kukugongea muhuri.