Ukuta wa mirunda: jinsi nilivyozuia uwanja wangu wa Ntyuka usiondoke na maji

Watu wakisikia Dodoma wanawaza ukame tu. Ni kweli mvua yetu ndogo, mwaka mzima inacheza kwenye milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote inashuka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, ila shida sio kiasi, shida ni namna inavyokuja. Kuanzia Mei ardhi inaanza kukauka, majani yanaisha, mbuzi wanamaliza kilichobaki, halafu Desemba inapiga mvua moja nzito ya nusu saa na ule udongo wetu mwekundu wa kichanga hauna kitu cha kuushika, unaenda. Mwenye kiwanja tambarare anaona madimbwi tu. Sisi tuliojenga kwenye miteremko huku Ntyuka tunaona msingi unabaki wazi.

Nyumba yangu iko juu, geti liko chini, na katikati uwanja unashuka kama mita moja na nusu. Kila msimu maji yalikua yanachimba zaidi, likaanza kakorongo kwenye kona ya baraza, mpaka sakafu ya baraza ikawa haina udongo chini yake, mkono unapita. Watoto wanacheza pale pale. Na Desemba 2023 tulikua tumeona maporomoko ya Hanang, Katesh, tope limefunika nyumba na watu, yangu haikua ya ukubwa huo hata kidogo lakini baada ya pale sikuweza tena kuangalia mteremko nikasema tutaona mwakani.

Kila niliyemuuliza alisema jenga mawe. Na mawe huku yapo, hakuna asiyejua. Ila ukuta wa mawe na simenti ni kitu kigumu kisichopinda, unataka msingi wake uliochimbwa vizuri, na uwanja wangu nusu yake ni udongo wa kujaza ambao tulisawazishia wakati wa ujenzi, hauna hata miaka kumi, bado unatulia. Ukuta mgumu juu ya udongo unaoshuka unapasuka. Jirani mmoja huku juu alijenga wa mawe, mzuri wa kuangalia, fundi wake hakuacha matundu ya kutolea maji na msimu wa pili ukatoka tumbo katikati kisha ukalala. Nilisimama pale nikauangalia muda mrefu kwa kweli. Mawe yalikua mazima, simenti nzima. Kilichousukuma ni maji yaliyojaa nyuma yake yakakosa pa kutokea.

Hapo ndo nilipoelewa kazi yenyewe ni nini. Udongo mkavu hauna fujo, uko pale umekaa. Udongo ukilowa meta moja ya ujazo inafika karibu tani mbili, na juu ya huo uzito maji yenyewe nayo yanasukuma. Kwahiyo ukiwa na ukuta wa mti au wa mawe au wa tofali, swali la kwanza ni moja tu, maji yanapitia wapi.

Nikaamua kujenga kwa mirunda, yaani nguzo za miti. Niliipata kwa shemeji yangu aliyeko Mafinga, huko kwenye misitu ya Sao Hill miti ya mkaratusi na paini ni biashara ya kila siku na wanatia dawa kwa mtambo, sio ya kupaka. Hii ya kutia dawa ni lazima kwa Dodoma, siongezi chumvi. Mchwa wa huku ukisimika mti mbichi ardhini leo, baada ya misimu miwili unakuta ganda tu ndani wamekula. Mafundi wengi watakwambia paka oili chafu, mi sikutaka, oili inakaa juu tu haingii ndani ya mti na inachafua udongo ambao nataka kupandia. Nilimwambia shemeji akate kipande aangalie kwenye mkato, ile rangi ya kijani iwe imeingia ndani kuzunguka mti, kwasababu rangi ya nje peke yake haithibitishi kitu.

Mzigo ulipofika fundi akaniambia, "Dada, hii tuisimamishe ukuta mmoja mrefu tumalize kazi." Nikakataa. Ukuta mmoja wa mita na nusu unabeba mzigo mkubwa sana, nguvu ya udongo haiongezeki sawasawa na urefu, ukuta ukiwa mrefu mara mbili inasukuma karibu mara nne. Na ukivuka mita moja na kidogo ni kazi ya injinia akupigie mahesabu, sio ya mimi na fundi. Tukaugawa ngazi mbili, kila ngazi inazidi kidogo sentimita 70, na ukuta wa juu tukaurudisha nyuma ya ule wa chini zaidi ya mita moja na nusu. Ukiusogeza karibu, uzito wa juu unakaa mgongoni kwa ukuta wa chini na umerudi kule kule kwenye ukuta mmoja mrefu.

Nguzo za kusimama tulichagua zile nene, nchi sita kwenda juu, tukakata kila moja mita 1.8. Mita moja inaingia chini, zilizobaki zinakaa juu. Fundi alilalamika sana kuhusu hiyo mita moja, alizoea theluthi kama nguzo ya fensi, ila fensi haisukumwi na kitu zaidi ya upepo, huu ukuta unasukumwa usiku na mchana. Kuchimba ilikua kazi nzito mno maana ilikua mwezi wa tisa na ardhi imeshika. Tulichofanya tunaanza shimo kwa mtaimbo kidogo, tunamwaga ndoo ya maji jioni, asubuhi unakuta limelainika unaendelea, tena jioni maji. Nguzo na nguzo tuliacha mita 1.2.

Upande uliokatwa tuliuweka juu, ule wa kiwandani ndo ukaingia chini, kwasababu ukikata mti wa dawa unafungua kiini ambacho dawa haikufika na mchwa wanaingilia hapo. Chini ya kila nguzo kokoto kidogo maji yasituame, halafu udongo tunarudisha kidogo kidogo huku tunashindilia kwa gongo la mti, sio unamwaga wote halafu unaruka ruka juu. Na zote zimeegemea kwa ndani, kuelekea mlimani, kama nchi moja kwa kila futi. Tulipima kwa timazi, nguzo ya kwanza na ya mwisho zikishakaa unavuta kamba ya manila katikati, zilizobaki zinafuata kamba.

Mirunda ya kulala inakaa NYUMA ya nguzo, upande wa udongo. Hili naliandika kwa herufi kubwa kwasababu nimeona kuta mjini mtu amepigilia kwa mbele, uso unapendeza, ila hapo kinachoshika ni misumari tu. Ukiweka nyuma, udongo wenyewe unaukandamiza mrunda kwenye nguzo. Maungio yasikutane sehemu moja, pishanisha kama unavyopishanisha tofali.

Baba mkwe wangu ni Mrangi wa Kondoa, alikuja kutusalimia tukiwa hapo. Alikua kijana wakati mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, umeanza mwaka 1973, na anakumbuka vizuri 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lote la makorongo Kondoa ili ardhi ipone. Alizunguka uwanja mzima akiwa kimya akaniuliza, "Mwanangu, haya maji mnayoyazuia chini yanatoka wapi juu?" Nikamwambia baba, yanatoka kwenye mteremko. Akanyoosha fimbo kwenye paa.

Nilikaa na kalamu usiku ule. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni kama mita za mraba 120, mvua ya milimita 30 ambayo kwetu Januari ni kawaida kabisa inatoa lita 3,600, na bati halinywi hata tone, na zote zilikua zinadondoka kwenye ukingo ule ule wa uwanja. Baba mkwe aliniambia Kondoa hawakuanza na kuziba makorongo, walianza juu, kukinga maji kabla hayajapata mbio, matuta yanafuata usawa wa mlima, na majani yaachwe yaote. Kabla ukuta haujafika nusu tukafunga gata nyumba nzima, maji yanaenda kwenye simtanki, na tenki likijaa yanayozidi yanashuka kwa bomba mpaka kwenye mtaro wa pembeni, hayagusi uwanja. Na nyuma ya ukuta wa juu tukachimba kamfereji kafupi kanakwenda na usawa, kanakamata maji ya juu yanayokuja kwa kasi.

Sasa nyuma ya mirunda yenyewe. Chini kabisa tulilaza bomba la PVC la nchi nne tulilolitoboa matundu, matundu yanaangalia chini, lina mteremko wa sentimita moja kila mita na linatokea pembeni ya ukuta. Juu yake kokoto, upana wa futi moja kutoka kwenye mirunda, mpaka karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo tukaweka mchanga mnene wa mtoni, kwasababu udongo wetu ni laini ukikutana na kokoto moja kwa moja unaingia katikati yake na baada ya muda imeziba. Ukiwa na uwezo kuna kitambaa maalum cha kuchuja wanachotumia kwenye barabara, kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na haraka. Mchanga na kokoto vinataka uvumilivu maana unapanda navyo pamoja, tabaka kwa tabaka, na kipande cha mbao katikati cha kutenganisha unachokivuta juu kila unapomaliza. Hii sehemu ilikula nguvu na hela kuliko ukuta wenyewe, na ndo sehemu ambayo nikipita leo siioni.

Kila baada ya nguzo mbili tuliweka nanga, mrunda mmoja unaingia mlimani kama mita moja na nusu ukiwa umelala, mwisho wake una kipande cha kukingama, tumefunga kwa nondo ya milimita 12 iliyopita kwenye tundu. Udongo ukisukuma ukuta mbele, udongo ule ule unaishika nanga nyuma.

Na vile vipande vya kukingama ndo vilikua mabaki yetu. Kuna mama jirani alikuja na kikapu, "Mwanangu nipe hivyo vipande nikapikie," na kwa huku ni jambo la kawaida, kuni ni shida na huwezi kumnyima jirani kuni. Ilibidi nikae naye chini nimueleze, mama, ile dawa ya kijani ina shaba, kromu na aseniki, ukichoma sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu, usipikie, usiotee moto, hata majivu usimwage bustanini. Nikampa kuni nyingine. Wakati wa kukata mafundi walivaa barakoa na glavu, tulitandika turubai chini, unga wote wa msumeno tukakusanya kwenye kiroba ukaenda na gari la takataka, watoto hawakusogea. Wanaouza mirunda wengi hawasemi hili na linaniumiza sana.

Kabla ya kufukia bomba nilienda kwa jirani wa chini pamoja na mjumbe wetu, nikamuonyesha maji yatatokea wapi. Maana ukikusanya maji yaliyokua yametawanyika ukayatoa sehemu moja, unaweza ukaokoa kwako ukabomoa kwa mwenzio. Tukakubaliana yaende kwenye mtaro wa barabara, na pale yanapodondokea tukapanga mawe yasichimbe.

Juu ya kokoto tukafunika na udongo wenye mfinyanzi kidogo ili maji ya juu yasiingie moja kwa moja. Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi nikapanda mstari wa majani ya vetiva nyuma ya kila ukuta, mizizi yake inashuka wima mita mbili hadi tatu haitanui ukuta, na ukoka kwenye uwanja. Mti mkubwa sikupanda karibu, mizizi minene ingesukuma.

Msimu uliofuata ilipiga mvua kubwa ya usiku, asubuhi nikashuka na tochi kabla hata ya chai, bomba linatoa maji masafi kabisa, na huo usafi ndo ulinifurahisha, maana yakitoka na tope ujue udongo wa nyuma unaondoka. Nguzo moja ya mwisho imesogea mbele kidogo, kama unene wa kidole, haijaongezeka tena. Mirunda inapinda kidogo na kukaa, ndo sababu nyingine niliipenda. Kila Novemba nasafisha gata na mfereji, nazibua mdomo wa bomba maana panya na vyura wanapenda kukaa humo, na napitisha timazi nguzo zote.

Jirani wa chini sasa anataka wa kwake, na mirunda anayo tayari. Nilimwambia asubiri kwanza. Kwake kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, unasukuma kwa namna nyingine kabisa na huu ukuta wangu hautoshi. Nimemshauri amtafute injinia akaone udongo, na ikiwezekana udongo huo autoe nyuma ya ukuta ajaze moramu badala yake, wakati huo huo aanze na gata, hizo hazina haja ya kusubiri mtu.